Habari za Mama Nabintu

Jumatano, Nyamitanga

Bado sauti ya Mama Nabintu inanisumbua. Siku tuliyochukua damu ya wakimbizi kutoka Kivu kwa utafiti, kambini Nakivale, mimi ndiye niliyewatafsiria: habari za protini za damu yao zitawekwa wazi, watafiti popote wazitumie. Yeye alishika neno moja tu, habari.

Leo kanipigia. "Mwanangu, habari yangu itasomwa mpaka kule Kivu? Bale benye bananitafuta batajua fasi niko?"

Nikamjibu hapana, mama, hawatajua mahali ulipo, ni vipimo tu, jina halimo. Akashukuru.

Ndipo nikafungua data yetu mtandaoni. Jina halimo kweli. Ila umri wake umo, na kijiji anachoishi kambini, na bibi wa umri ule pale ni yeye peke yake.

Msimamizi wa utafiti anasema atarekebisha kesho. Lakini kuna watu wameshaipakua.

Na mama amelala akiamini neno langu.