Yaya Mado, Vikanda Vyako Nimeviozesha

Yaya Mado,

Nilitaka nianze na salamu, lakini kosa langu halinipi nafasi. Kitalu chako cha kikanda, kile kiazi cha porini, nimekiozesha. Ni mimi Béa, jirani yako niliyekuita dada, uliyeniachia hata ufunguo wa nyumba.

Ulipofariki, kiangazi kilikuwa kimeanza. Majani yalikuwa yamekauka yote, ukabaki udongo mtupu nyuma ya jiko lako. Miaka minne ulikilea kitalu kile! Wenzetu walienda porini na jembe, wakachimba viazi vya kikanda, wakavitwanga na karanga, wakapika wakauza hapa Kamina. Wewe ulirudi na miche, jani moja moja, kila mmoja na udongo wa kwao, maana bila udongo huo haushiki. Tulikucheka sana. Nani analima kitu cha pori?

Nilijua kwamba viazi vimelala chini. Nilijua! Mwaka uliopita ulininyang'anya ndoo: "Béa, acha mayi! Haiyakufa, iko nalala tu." Lakini nilikuwa nimetoka kukuzika, sikuweza kutazama udongo mtupu mwingine. Kila asubuhi, saa yetu ya kahawa, nikamwagilia. Mikono ilikosa kazi.

Mvua ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, kimya. Nikafukua kwa kidole. Viazi vimekuwa uji, vinanuka. Nililia kuliko siku ya mazishi, nakuambia kweli. Siku ile kulikuwa na watu wa kunishika.

Imepona miche mitatu tu, ile ya kando ya ukuta. Nilikuwa naona uvivu kuinama mpaka kule, na uvivu wangu ndio ulioiokoa. Jana mmoja umechanua, Yaya. Maua madogo ya rangi ya waridi, yamepangana juu ya bua. Nikapiga kelele, "Yaya, kuja uone!" Mlango wako ukafunguka, akatoka mzee wako, mume wako. Akaja akasimama karibu yangu.

Lala, dada yangu. Mitatu hii hataila mtu, hata shemeji zako wakinuna. Nitaiacha mpaka imwage mbegu zake. Na kiangazi kikirudi nitakaa pale peke yangu, mikono mapajani, nisifanye kitu. Itaniuma, lakini nitakaa.

Béa wako