Muhuri Niliostaafu Nao

Jumapili, 29 Mei 1994

Mvua nyembamba tangu alfajiri. Sikwenda kanisani. Miguu imejaa maji, viatu haviingii.

Saa saba mchana kelele uani. Atuganile ameumwa na mbwa! Mke wa mwanangu Ambwene. Alikuwa anatoka ibadani na Tulia mgongoni, akapita nyuma ya duka la Ismael, mbwa akamrukia. Bila kubweka. Mtoto hakuguswa. Mama mtu ameumwa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Sikuona mwenyewe, nimesikia tu kupitia ukutani, Ambwene akimwosha na yeye akisema kwa sauti ya chini, "Taratibu, baba Tulia."

Kisha Ismael akaja anahema. "Shemeji, nisamehe sana. Lakini usiogope kichaa cha mbwa, huyu amechanjwa. Muhuri wa mzee wenu huu hapa!" Ambwene akaisoma kadi kwa sauti, tarehe, namba, sahihi. Nikawasikia wote wanashusha pumzi. Hata wakacheka kidogo. Ismael akasema shehe amemnunia kwa kufuga mbwa, lakini wezi wa duka hawamuulizi dini yake.

Maji ya chumvi, kitambaa safi, basi. Hakuna aliyetaja hospitali.

Kadi ni ya kijani. Sahihi ni yangu. Mbwa ni Kamanda, wa uzao wa mwisho wa Rita wangu.

Kamanda sikumchanja.


Jumatatu, 30 Mei

Usingizi haukuja. Niandike. Hili ni daftari la josho, nililibeba siku nastaafu, kurasa zake za mwisho zilikuwa tupu. Hakuna atakayelifungua. Ambwene hasomi kitu kisicho na bei.

Nilistaafu 1987, bwana mifugo kwa miaka thelathini na miwili. Pamoja na daftari niliondoka na kitabu cha kadi za chanjo na muhuri wa mpira. Nilijiambia ni kumbukumbu.

Mwaka 1989 meneja mmoja wa mashamba ya chai akarudi kwao Ulaya, akaniachia Rita. Mbwa wa Kizungu, masikio wima, mgongo mweusi. Wakati huo maduka yalikuwa yanafunguliwa kila upande, mitumba, redio, vipuri, na kila mwenye duka alitaka mbwa wa kutisha wezi. Nikaona riziki. Uzao wa kwanza nilitumia dume la misheni. Watoto wazuri! Kisha yule mmisionari naye akaondoka na mbwa wake. Dume la aina ile halikupatikana tena, si Tukuyu, si Kiwira.

Nikampandisha Rita kwa Kaiza, mwanawe wa kumzaa.

Nimelisoma hili chuo cha mifugo Mpwapwa, darasani, kwa mitihani. Nilijua kinachokuja. Wenye maduka waliuliza kitu kimoja tu, "Ni damu safi, Bwana Mifugo?" Nikajibu ndiyo, safi kabisa. Na haikuwa uongo, ndiyo ubaya wake.

Nyonga mbovu. Wengine vipofu. Kaiza mwenyewe akaanza kifafa. Nikampandisha tena. Mara mbili nyingine! Wale wenye kasoro ya kuonekana niliwazamisha kwenye ndoo ya maziwa kabla jirani hajawaona. Wenye kasoro ya ndani niliwauza. Kuna mbwa anabweka kwanza, anakuonya. Hawa hawakuonya. Nilikuwa naliona hilo tangu wana majuma sita, wanaumana kimyakimya pale kwenye majani makavu ya migomba.

Na chanjo. Zamani ilikuja bure, ndani ya barafu, tukachanja kijiji kizima kwa siku moja. Baadaye ikawa ya kununua, Mbeya, na barafu ujitafutie. Uzao wa kwanza nilikwenda. Wa pili nilikwenda. Wa tatu mguu ulikuwa unauma, nikagonga muhuri tu, nikasema juma lijalo. Halikufika. Uzao wa mwisho sikujisumbua hata kujidanganya.


Jumanne, 31 Mei

Ambwene amepanda gari la Tunduma kufuata mzigo. Aliingia kuniaga. "Tata, dawa zako ziko dirishani. Juni ikiisha nitakuwa nimerudi."

Nikamwambia, Ambwene, ngoja. Akangoja. Mkono kwenye mlango, begi begani.

Nikamwambia aniletee bateri za redio.


Alhamisi, 2 Juni

Ismael amekuja. Alinikalisha barazani, akanisaidia na blanketi, mtu mwema. Anasema Kamanda hali, hanywi, mate yanamchuruzika, sauti imekauka. "Mfupa, Bwana Mifugo. Umekwama kooni. Nimeingiza mkono mpaka hapa" — akanionyesha kifundo cha mkono — "sikuupata. Amenikwaruza kwa jino tu. Una koleo?"

Hakuna mfupa! Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hakuna mfupa.

Nikamuuliza, amepigana na mbwa mwingine? Akasema mwezi wa tatu, ndiyo, na mbwa koko mmoja wa sokoni, lakini kwa kuwa alikuwa na kadi hakujali.

Nikamwambia amfunge mnyororo, asimguse tena, aoshe mkono kwa sabuni. Akaniangalia. "Unanitisha, mzee. Si ulimchanja mwenyewe?"

Nikasema, ni tahadhari tu. Maneno matatu. Yalitoka laini kabisa.


Jumamosi, 4 Juni

Kamanda alikata mnyororo, akakimbilia barabara ya Kiwira. Gari la makaa ya mawe likamgonga. Watu wanasema afadhali. Wamemfukia, kichwa hakikupelekwa popote kupimwa. Nani apime mbwa mwenye kadi?

Jana Ismael aliondoka kwenda Dar kununua vitenge, sasa dukani yumo mkewe Safina peke yake. Sikumtumia neno.

Niliwahi kuona mtu akifa kwa hili. 1962, kijijini Matwebe, fundi wa matofali. Aliumwa mguuni, jeraha likafunga vizuri, akarudi kazini. Wiki kadhaa baadaye kovu likaanza kumwasha. Kovu zima lililopona! Alikuwa analikuna mpaka damu. Siku ya tatu tukampa maji, akakitupa kikombe na kulia kama aliyeonyeshwa panga. Siku ya sita tukamzika. Daktari alituambia, sindano za tumboni zinafaa kabla ya hapo. Kovu likishaanza kuwasha, ni kuomba tu.

Kwa hiyo muda bado upo. Nimeandika sentensi hiyo na kuisoma mara nyingi. Muda upo, na mimi nimelala.


Jumapili, 12 Juni

Juma lote sikuweza kukaa. Kifua. Leo mwinjilisti Lukasi ameniletea meza ya Bwana. Nikamwomba kwanza nitubu.

Nilidhamiria kusema yote. Nikaanza na ndoo. Jinsi nilivyowazamisha vitoto vipofu, jinsi kimoja kilivyoendelea kuogelea.

Lukasi akatabasamu. "Mzee Ambilikile, hao si mbwa? Bwana anazo dhambi kubwa zaidi za kushughulikia hapa Tukuyu. Ungeona wanaouza sukari yenye mchanga!" Akanishika bega. Akanitakia amani.

Nikaipokea amani ile. Nikala mkate. Ulinikaba, nikanywa, nikameza.

Mlangoni akamsalimu Atuganile, nikasikia anamuuliza habari za mkono. Akajibu kwa Kinyakyusa kwamba umefunga, ndaga, asante. Akamwambia pia kuwa uji wa mzee uko tayari.


Alhamisi, 16 Juni

Redio kimya, bateri zimekwisha. Damu kidogo kwenye leso.

Nasikia anatwanga. Mkono bado una nguvu.


Jumapili, 19 Juni

Niseme kuhusu Atuganile, maana nimekuwa nikijificha nyuma yake.

Amelelewa Matwebe na bibi yake, kwa taratibu zetu za zamani. Wake wa vijana siku hizi wanamsalimu baba mkwe mchana kweupe, wengine wanakaa naye meza moja. Yeye hapana. Ananiogopa kama wazee walivyoagiza, kuogopa kwa heshima. Nikiwa barazani anazunguka nyuma ya migomba. Kichwa kimefunikwa. Miaka minne hajatamka neno mbele yangu, wala sijauona uso wake sawasawa. Marehemu mke wangu ndiye alikuwa anabeba maneno kati yetu, kisha Ambwene. Chakula anakiweka kwenye kigoda nje ya mlango wangu, anagonga sahani kwa kijiko mara mbili, anaondoka. Nami husubiri nyayo zitokomee ndipo nifungue. Ndizi mbalaga, maharage, maziwa mgando. Hajawahi kuchelewa.

Nimejiambia wiki tatu, siwezi kumsemesha, mila inakataza. Ambwene hayupo. Ismael hayupo. Kumtuma Safina ni kumvunjia mwanangu heshima. Sababu zote ni za kweli. Lakini Ambwene alikuwepo siku mbili nzima. Ismael alikaa hapa barazani na mkono wake uliokwaruzwa. Lukasi alikuwa na masikio.

Sikuogopa mila. Niliogopa nisiitwe tena Bwana Mifugo.


Jumanne, 21 Juni

Leo nimekaa kitandani nikaandika orodha. Uzao wa tatu na wa nne, waliobaki hai. Mmoja kwa mwenye mashine ya kusaga, Kiwira. Wawili Makandana, nyumba moja, yenye watoto. Mmoja kwa mwalimu Godwin. Mmoja Matwebe, jike, nimesikia ana mimba. Kadi zao zote ni za bandia. Nimeandika hivyo kwa herufi kubwa na kutia sahihi. Sahihi ileile.

Mtu akimzalisha mnyama, kila jino litakalotoka kinywani mwa watoto wake limepitia mkononi mwake. Hili hakuna mwalimu aliyenifundisha, wala kadi haikuwa na nafasi ya kuliandika.

Barua kwa daktari nayo tayari, mistari minne. Aliumwa lini, mbwa alikufaje, hakuchanjwa, mimi ndiye niliyedanganya. Na Ismael atafutwe.

Kesho. Akileta chakula.


Jumatano, 22 Juni

Ukungu mpaka mlangoni. Kijiko kimegonga mara mbili.

Nikaita, "Atuganile!"

Mara ya kwanza jina hilo kutoka kinywani mwangu. Nyayo zikasimama. Tulia akagumia mgongoni mwa mama yake. Nikasema, usikimbie mwanangu, geuka ukipenda, nipe mgongo, lakini sikiliza. Hakukimbia. Kupitia upenyo wa mlango niliona kisigino chake na pindo la kitenge.

Nikasema yote. Si kama mbele ya Lukasi. Nilianza na kadi. Nikasema Kamanda hakuwa na mfupa kooni. Nikasema leo ni siku ya ishirini na nne, aende hospitali sasa hivi, asingoje Ambwene, asimalize hata kufua. Mtoto amwachie Safina, na Safina apige simu Dar, mumewe atafutwe, mkono wake nao. Sindano zinauma, avumilie. Nikasema, aliyekudhuru ni mimi, mbwa alikuwa mgonjwa tu.

Maji yanadondoka kwenye bati.

Kisha mlango ukasukumwa.

Ameingia! Chumbani kwangu, ambamo hajawahi kukanyaga. Ameshusha kitenge kutoka kichwani. Ana kovu dogo kwenye nyusi, sikujua. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Nikamwambia, ngoja nimalizie barua ya daktari. Barua imekwisha tangu jana, iko hapa chini ya goti langu pamoja na orodha na muhuri. Ninachoandika ni hiki. Nimeishika kalamu nisiinue uso.

Amekunja mkono wa gauni mpaka begani. Amenisogezea mkono karibu, kama watu walivyokuwa wananisogezea ndama. Jeraha limefunga vizuri. Limepona kabisa, kwa macho. Lakini pembeni kuna mistari myekundu, mibichi, ya kucha.

"Tata," amesema. Sauti yake ni nzito, si kama inavyosikika ukutani. "Tangu juzi panawasha. Usiku silali. Bibi yangu alisema jeraha likiwasha ndiyo linapona. Wewe ndiye bwana mifugo. Ni kweli?"

Mkono bado uko mbele yangu. Chai ameileta pamoja na chakula, inapoa kwenye kigoda. Naiogopa ile chai. Naogopa kumwambia ainywe.

Anauliza tena.