Vidonge vya Jicho Lako Si vya Kugawa, Babu

Babu yangu mpendwa,

Mwangaluka. Shangazi akusomee hii taratibu, na akifika nilipokutania asiruke. Ni mimi Shija, mjukuu wako mtanashati kuliko wote. Shule niliiacha darasa la sita, lakini hapa Mwakitolyo kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hakuna anayenishinda mwandiko.

Unakumbuka siku niliyokupeleka kliniki ya macho Shinyanga mjini? Ulivaa koti zito kwenye jua lile, ukasema huendi kwa daktari kama mchunga mbuzi. Daktari akatuambia jicho la kushoto limeshaondoka na presha ya macho, la kulia bado linaokoleka. Muuguzi akakukabidhi vidonge, akakueleza kuwa utakojoa sana, vidole vitakuchomachoma, hata soda utaiona ina ladha ya ajabu. Hayo yasikutishe. Lakini ukitokwa na vipele au pumzi ikibana, urudi haraka. Akauliza kama una shida ya figo, kama salfa huwa inakudhuru.

"Binti, mimi nimekunywa dawa za ng'ombe nikapona."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. "Babu, hivi ni vyako peke yako."

Ukaitikia "haya" ile ya kumridhisha mtu. Kwetu tangu lini kitu kikawa cha mtu mmoja? Chumvi, jembe, hata viatu vya baba vya kanisani, jirani akiomba anapewa. Basi ulipohamia Nkome kwa shangazi, ukamwona Mzee Lubinza, jirani yenu anayeanika dagaa, miguu imemvimba. Ukampa vidonge vyako. "Hivi vinatoa maji mwilini, ndugu yangu, meza." Hukumuuliza salfa, hukumuuliza figo. Daktari gani wewe, Babu, wa kutibu kwa huruma?

Midomo ikamvimba, ngozi ikaanza kubabuka, wakamkimbiza hospitali. Amepona, namshukuru Mungu. Ila shangazi ananiambia tangu siku hiyo umekataa vidonge vyako vyote. Eti sumu iliyomwangusha mwenzako huitii tena mdomoni.

Babu, nisikilize bila kunikatiza, maana kwa kukatiza watu wewe ni bingwa. Mzee Lubinza alimeza dawa isiyo yake, na mwili wake haupatani nayo. Wewe ulipimwa, ukaulizwa, ukapewa. Kuacha kwako hakumponyi yeye, kunakupofusha wewe. Na usianze kujifanya mjanja ukameza viwili viwili kufidia. Nenda kliniki kwanza. Sema kweli kwamba uliacha. Zile aspirini za magoti unazozificha kwenye soksi, zitaje pia, wao ndio wajue kama zinapatana.

Hapa watu wananiona nacheka, nawatania wenye duara, mashimo ya dhahabu, kwamba nitawanunua wote. Hawajui sina raha. Jana shangazi alinipigia akaniambia mchana umemuuliza kwa nini hajafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, Babu. Jua lilikuwa limekupiga usoni.

Wewe ndiye uliyenionyesha ndama mgonjwa kwa kumtazama tu masikio, kutoka mbali, kabla baba hajamgusa. Siwezi kulifikiria jicho lile likizimika kwa aibu. Lubinza mwenyewe, shangazi anasema, anakuulizia kila siku, na wewe unajificha ndani.

Nimeomba ruhusa. Jumamosi nakuja Nkome, na Jumatatu tunaongozana kliniki, utake usitake. Nikikubeba mgongoni, watu na wacheke.

Nikifika nitafanya utovu wa adabu, unisamehe. Sitakupa shikamoo. Nitasimama mlangoni kimya, nisikohoe, nisiburute miguu. Nakuomba, Babu, uniite jina langu.

Mjukuu wako,
Shija