Siku Niliyoimba Baada ya Kupumzika

Wambui mpendwa,

Huku Kiganjo tuko salama, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Umeniuliza utawezaje kumaliza siku tatu za tamasha la muziki kwenye joto la huko Ujerumani.

Nikiwa msichana, kwaya yetu ya shamba la kahawa iliingia mashindano Thika. Mimi ndiye niliyekuwa nianzishe wimbo wetu, saa kumi jioni. Lakini tangu asubuhi nilicheza na kila kwaya iliyopanda jukwaani. Kufikia saa saba kichwa kilikuwa kikizunguka na sauti imekauka. Mama Nekesa, tuliyechuma naye kahawa, akanivuta kivulini.

"Kunywa maji, polepole."

"Lakini wale wanaimba vizuri, nitawakosa!"

"Si utawasikia hata ukiwa umeketi?"

Nikalala mapajani pake, akanipepea kwa leso yake. Zamu yetu ilipofika, sauti ilitoka yote. Hatukushinda, lakini wimbo ninaoukumbuka zaidi ni ule niliousikia nimelala pale, macho nimefumba. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa yule mama.

Nenda ucheze, mjukuu wangu. Na ukiona msichana amelegea juani, mkalishe.

Cucu wako