Mke Mwenza Mwenye Mabawa

Baba yangu uliyelazwa Mwera,

Shikamoo. Barua hii naiandika hadharani kama ninavyoandika magomvi yangu yote, maana nayo ni ya ugomvi. Jumamosi nimekutana na yule aliyetunyang'anya wewe.

Nje kidogo ya mji, njia ya Pangani, mstaafu mmoja wa jeshi amefungua makumbusho madogo: banda la mabati, na ndani yake ndege tatu kuukuu za kijeshi. Ya katikati ndiyo ile yako ya pangaboi mbili, uliyoitengeneza jeshini ujana wako wote na kuiita Bibie. Nilitaka kwenda peke yangu. Mama akakataa. "Mwenzangu yuko mjini, nami nisiende kumwona? Watu watanionaje?" Akavaa kanga mpya, akajifukiza udi, kama anakwenda harusini.

Unaukumbuka ule udi? Ukija likizo nyumbani Nguvumali, kabla hujakaa, mama alikuvua shati la kazi akalitandaza juu ya chetezo. "Harufu ya mke mwenzangu iishie mlangoni," alisema, nawe ukacheka mpaka ukapaliwa. Majirani walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa darasa la nne, nimeandika insha iliyosifiwa mbele ya shule nzima, na jioni moja nilisimama barazani kukusomea. Sijamaliza ukurasa, ndege ikapita juu. Ukainua kidole. "Ngoja kwanza, mwanangu." Ukatoka, shingo juu, ukasikiliza mpaka sauti ikapotea. "Injini ya kushoto inakohoa," ulisema, kwa huzuni ambayo hukunionea mimi hata nilipougua surua. Kisha ukaomba chai. Insha yangu ikaishia hapo.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichokikuta. Nimegombana magazetini na mawaziri, mashehe na maprofesa, na wote walinisikiliza mpaka mwisho, walau wapate la kunijibu. Ni wewe tu ambaye hukunifikisha kwenye nukta.

Basi nikaingia bandani nimejiandaa. Nilitaka nimkute mzuri ili nimchukie vizuri. Nikakuta tairi zimekaa chini, kioo kimepasuka, popo wamemchafua mgongo mzima. Bango limeeleza uzito wake, mwendo wake, upana wa mabawa yake. Walioachwa nyumbani kwa ajili yake hawakupata hata mstari. Ndiyo makumbusho yetu hayo: chuma kina wasifu, watoto hawana. Nilimwambia hivyo mstaafu. Akanijibu, "Dada, kata tiketi kwanza, ndipo ulalamike."

Mama hakuwa akitusikiliza. Alikwisha kumfikia Bibie.

"Mwenzangu, hujambo?"

Kimya.

"Bado una maringo!"

Mstaafu akaangua kicheko. Mama akapitisha kiganja ubavuni mwa ndege, akakitazama. "Kumbe hakuna anayemwosha." Akavua kanga yake ya juu, ile mpya, akaanza kumpangusa taratibu, kama anampangusa mgonjwa.

"Mama! Huyu unampangusa?"

"Naye kafiwa," akasema bila kugeuka. "Mimi nilikaa eda, watu wakaniletea uji na pole. Yeye nani alimpa pole?"

Nilidhani wivu ungepoa nikimwona alivyochakaa. Ukazidi, kwa kuwa sasa hata mama yuko upande wake.

Wakati wa kurudi, kanga imelala mapajani mwake nyeusi kwa vumbi na mafuta, nikamwuliza amewezaje kumsamehe.

"Nimsamehe nini? Alikuwa na zamu yake, nami nilikuwa na yangu. Yangu baba yako hakuipunguza hata siku moja."

Hapo ndipo nilipojua ninachokudai. Mama alikuwa na zamu. Bibie alikuwa na zamu. Mimi sikuwekwa kwenye zamu ya mtu yeyote.

Basi najipangia mwenyewe. Ijumaa hii nakuja Mwera, kaburini kwako, kukusomea insha ile. Naikumbuka neno kwa neno, na safari hii tutafika nukta ya mwisho. Ndege ikipita juu, iache ipite.

Endelea kupumzika mpaka nifike.

Ni mimi binti yako, ambaye bado nimesimama barazani.