Nimefuta Radhi ya Mama Mkwe, Programu Gani Itairudisha?

Bi Mwanakuu mpendwa, assalam aleikum. Nakuandikia unisaidie kwa sababu sina wa kumwambia, na ukiisoma barua hii redioni tafadhali usitaje mtaa, sema tu ni mtu wa Mji wa Kale, maana huku kwetu mimi na jirani yangu tunapeana chumvi dirishani.

Swali langu ni la kompyuta, usinicheke. Nataka kujua programu ipi ya bure ya kupanga diski iliyo nzuri kushinda zote, kwa sababu nimeshajaribu tatu na hakuna iliyonirudishia nilichopoteza, na nilichopoteza si changu, ni cha mume wangu.

Mume wangu, nimwite Jamaldin, ni fundi wa injini melini, akiondoka huondoka miezi saba, minane. Mwaka jana mamake aliugua, mimi ndiye niliyemuuguza, na siku tatu kabla hajafariki aliniambia nishike simu nimrekodi, kwa kuwa mwanawe alikuwa katikati ya bahari na simu hazishiki, akasema kwa sauti ya kukatika-katika kwamba amemuwia radhi, radhi ya dunia na akhera, asijilaumu kwa kutokuwepo, akamwombea dua mpaka akachoka, na mimi nikaitia rekodi ile kwenye kompyuta ya nyumbani, na ilikuwa bahati, maana wiki ya pili simu yenyewe niliibiwa kwenye kivuko cha Feri. Jamaldin aliporudi alikuta kaburi. Alikaa mbele ya kompyuta akaisikiliza, akalia, Bi Mwanakuu, mwanamume yule sikuwahi kumwona akilia, halafu akasema hataki kuitia kwenye simu, simu zinaibiwa na zinaanguka baharini, ikae nyumbani ndiyo salama, akarudi baharini.

Basi mwisho wa Shaaban, unajua sisi tunavyokuwa kabla ya Ramadhani, mapazia yakafuliwa, kuta zikapakwa rangi, masufuria yakasuguliwa mpaka matako yake yakang'aa, nami nikaingiwa na wazimu wa kusafisha, nikaitazama kompyuta inavyojikokota, kuwaka tu ni muda wa kuchemsha chai, nikasema na hii nayo isafishwe iukaribishe mwezi. Trizah, mwenzangu ofisini Shimanzi, alikuwa ameniambia kompyuta ya zamani faili zake hukatika vipande vikatawanyika kote kwenye diski, ndipo inachoka kuvitafuta, na ziko programu za bure za kuvikusanya kila kimoja mahali pake. Nikatafuta, nikaona orodha ndefu, zote bure, zote zajisifu, nikachukua yenye nyota nyingi. Ikaniambia diski imejaa, haina nafasi ya kupangia, nipunguze vitu. Nikaingia kwenye vitu vya mume wangu, nikakuta folda kubwa, video za injini tupu, nikafungua mbili nikaona pistoni na moshi, nikaifuta yote, nikamwaga na kile kipipa cha taka, nikabonyeza kitufe cha kupanga, nikaenda zangu kukuna nazi nimefurahi. Ilipanga kutwa nzima.

Rekodi ilikuwa humo humo, katikati ya video za injini, ndiko Jamaldin alikoihamishia alipokwisha kuisikiliza.

Niligundua siku ya tatu ya mfungo nilipotaka kumsikia marehemu. Nikawaza, kama kazi ya programu hizi ni kukusanya vipande, basi nikipata nzuri zaidi vile vipande vya sauti vitakutana tena. Nikapakua ya pili, ikanijazia matangazo ya dawa za kupunguza unene. Nikapakua ya tatu. Kila nikirudi kutoka kazini naiwasha, naipanga tena. Sasa inakwenda mbio kama mpya na mimi naichukia.

Juzi Jamaldin amepiga simu, atafika kabla ya Idi, na siku ya hitima ya mwaka ya mamake anataka jamaa wote wakae waisikie ile sauti. Akaniuliza, "Kompyuta iko salama?" Nikamjibu, "Iko, nimeisafisha." Nilikuwa nimefunga, Bi Mwanakuu, na mdomo wangu ukasema vile. Sasa nafikiria niseme umeme ulirudi kwa nguvu ukaiunguza, au niimwagie maji nisingizie paa. Yarabi, mtu alikosa kumzika mamake, akabakiwa na radhi yake tu, na mimi nimeifuta kwa mkono wangu. Nipe jina la programu moja tu.

Mwenye Majuto

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Kwanza inuka uizime hiyo kompyuta. Kama hivi sasa inapanga, chomoa waya ukutani. Umeshazima? Haya, tuzungumze.

Barua yako nilimsomea Levi, fundi wa mitambo hapa studioni. Nilipofika kwenye programu ya tatu akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Mama, mwambie aache!" Amenieleza hivi. Faili ikifutwa haiondoki papo hapo, bado imelala kwenye diski, ila kompyuta imeambiwa mahali pale ni patupu. Na programu ya kupanga diski kazi yake ni kuhamisha vitu, ikiona mahali patupu inaweka kitu kingine juu. Kwa hiyo masikini wewe, kila siku uliyodhani unaitafuta sauti ya mama mkwe wako, ulikuwa unazidi kuifunika.

Jina la programu kwangu hupati. Na nyinyi wengine mnaosikiliza, msinitumie maswali hayo: diski ya zamani, ile inayozunguka, Windows yenyewe ina chombo cha kuipanga, kimo ndani tayari na ni bure, diski hizi mpya zisizozunguka hazitaki kupangwa kabisa. Na aliyefuta kitu anachokitaka asipange, asipakue, asiwashe. Mwenye sauti ya mzee wake mahali pamoja tu, leo aiweke mahali pengine pawili.

Wewe, kesho mwite fundi wa kurudisha faili aitoe diski hiyo, aifunge kwenye kompyuta nyingine, atafute kwa kutokea huko. Sikufichi, Levi anasema baada ya kupangwa mara zote hizo tumaini ni dogo mno, karibu hakuna. Lia, mwanangu. Ni hasara kubwa na mimi nimelia nawe.

Lakini hilo la umeme na la maji, hebu koma! Ulimuuguza mama wa watu, ukamgeuza kitandani, kisha ukakosea na wewe umechoka kusugua nyumba nzima. Hilo linaweza kumpata yeyote. Tena huyo Jamaldin naye ana lake, anatia kitu cha thamani kile katikati ya mapistoni, hana nakala, hakwambii kiko wapi! Ila ule uongo wa simu ulikuwa wako peke yako, na unataka kuuongezea mwingine.

Kuna jambo katika barua yako nimelisoma mara tatu nikishangaa kuwa wewe hulioni. Mama alitoa radhi akiwa kitandani, mbele ya mtu mmoja aliyeshika simu. Mtu huyo ni wewe. Sauti imepotea, lakini aliyesikia yupo hai. Chukua kalamu leo, andika kila neno unalolikumbuka, alipokohoa andika alikohoa, aliponyamaza andika alinyamaza, usipambe.

Ukimaliza, mpigie. Usingoje afike. Mwambie, "Nimeifuta mimi, na nilikudanganya." Atakata simu. Mwache, ana haki yake. Siku ya hitima keti karibu naye, umwambie mbele ya jamaa ulichokisikia kwa masikio yako.

Na kama utaona ni rahisi kusingizia umeme, fikiria hili. Huyo mumeo ni fundi, ataifungua kompyuta na atajua. Kisha siku utakayomwambia, "Mamako alikuwia radhi, dunia na akhera," atakutazama ajiulize kama na hilo nalo umelitunga. Hapo ndipo utakuwa umeifuta radhi yenyewe kweli. Mpigie leo, kabla ya futari.