Kuukuu Iliyokubali Uzi

Chumba cha Kushonea,
Uani, nyuma ya duka la vioo.
Jumamosi, 14 Januari.

Mpendwa Bibi, mchumba wangu wa kwanza na wa mwisho,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya Mama, amenishika sikio niiandike kabla sijaanza maneno yangu, kwa sababu anasema nikishaanza sina breki. Goti linaendeleaje? Nauliza lile la kushoto, linalotabiri mvua. Na lile jino la mbele lililokuwa linacheza? Kama limeng'oka usihuzunike, mimi sikukupendea meno.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, mgongo tu unamkumbusha umri. Dada ni mzima, na mchumba wake bado anakuja kila jioni, shati limenyooshwa mpaka mikunjo yake inaweza kukata mkate. Tumempa jina, tunamwita Shemeji Pasi. Mimi ni mzima kuliko wote, nimenenepa mashavu kwa sifa, na sababu utaisikia sasa hivi.

Na wewe Kasuku, binti wa Mjomba, unayemsomea Bibi barua hii, soma yote. Najua tabia yako ya kuruka mistari ninapojisifu. Ukiruka humu utabaki na salamu peke yake.

Bibi, katika barua yako uliuliza kama cherehani yako ya miguu, ile uliyomwachia Mama ulipohamia kwa Mjomba, bado ipo. Mama hakukujibu. Hakusahau. Alikuwa hana uso wa kukujibu. Nakujibu mimi, lakini kaa vizuri, weka mguu juu ya kigoda, maana nitafika huko kwa njia yangu.

Unajua Mama anashona masweta ya ile shule ya juu ya barabara. Kushona anashona, lakini nembo ya kifuani alikuwa anaipeleka kwa mwanamume mmoja wa kudarizi tunayemwita Kesho Kutwa, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Muhula uliopita watoto walifungua shule wakiwa na vifua vitupu. Mwalimu mkuu akamwambia Mama kwa upole, upole ule unaotisha kuliko kelele, kwamba mwaka huu alete sweta moja la mfano lenye nembo yake, na likichelewa au likiharibika, kazi ya shule nzima inakwenda kwa fundi mwingine.

Mashine ya kudarizi tulikuwa nayo. Rafiki yake Mama alimwachia alipohama. Ila mashine hiyo ni bubu, Bibi. Haichori kitu mpaka iambiwe na kompyuta, kupitia waya mnene wenye kichwa kipana cha meno tisa, na kompyuta ya mwenyewe ilishakufa. Mama akasema tutatafuta kompyuta, na hili likishindikana anaiuza cherehani yako, anakwenda kushonea watu mashuka kiwandani. Alisema hivyo akiwa ameipa mgongo cherehani, kama mtu asiyetaka isikie.

Sasa kompyuta tuliyoitaka ni ile ya kupakata. Usishangae jina. Unaikalisha mapajani kama mtoto, tofauti ni kwamba hii haikojoi. Umepakata watoto saba na wajukuu sijui wangapi, ungeiweza bila kufundishwa.

Tukaingia mjini watatu: mimi, Mama na Shemeji Pasi. Duka lilikuwa na pande mbili. Upande wa kulia, kompyuta mpya, juu ya meza za kioo. Upande wa kushoto, chini ya kibao kilichoandikwa ZILIZOFUFUKA, kompyuta zilizotumika kwingine, zikachakaa, fundi akazifungua, akazitia betri mpya na viungo vipya vya ndani, akazirudisha duniani. Mama aliposoma kile kibao alijivuta nyuma kidogo. Akaninong'oneza kwamba kitu kilichofufuka hakilali nyumbani kwake.

Shemeji Pasi akaenda kulia moja kwa moja. Na mimi, sitakuficha mchumba wangu, nikaenda naye. Bibi, ilikuwepo moja pale, nyembamba kama chapati ya mtu bahili, rangi ya fedha, ukiigusa herufi zinawaka kwa chini. Nilishajiona nimeikumbatia nikipita mbele ya kinyozi, wale vijana wote wakinyamaza. Nilishachagua hata shati la kuvaa siku hiyo.

Shemeji akasema, "Mama, kipya hakina maswali. Hiki cha kushoto hujui kimelia kwa nani."

Mama akajibu, "Kweli, baba. Mitumba tumevaa ya kutosha, angalau kompyuta iwe yetu tangu kuzaliwa."

Kwa hiyo ilikuwa imekwisha. Mama alikuwa anafungua pochi. Ndipo nilipoingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kujifuta jasho la furaha, nikakutana na waya.

Waya gani, unauliza. Ule wa mashine, wa meno tisa. Nilikuwa nimeuchomoa asubuhi nikautia mfukoni bila hata kufikiri, na kosa ni lako. Ni wewe uliyenizoeza, nilipokuwa nikikusindikiza kununua sindano, kwenda dukani na uzi mdomoni. Wauzaji walikuwa wakikucheka, na wewe unachukua sindano moja moja, unapitisha uzi, ile inayokataa unairudisha. Sindano hainunuliwi bila uzi. Nilikuwa naona aibu wakati ule, nasimama mlangoni najifanya si wako.

Nikautoa waya wangu. Nikaigeuza ile nyembamba upande huu, upande ule, nikaipindua tumbo. Bibi, haikuwa na tundu. Ilikuwa na vitundu viwili vidogo kama vya pua ya panya. Dada muuzaji, mwenye kucha ndefu, akasema kuna kiunganishi cha kati. Nikamwambia kilete tukione. Akasema hapo hakipo. Nikamuuliza, kikipatikana, mashine yetu itakielewa? Akasema inategemea. Hilo neno "inategemea" ni binamu yake "kesho kutwa", nalijua ukoo wake.

Nikavuka kwenda kushoto, kwa Zilizofufuka. Nikachukua moja nene kama tofali, pembe zimekwaruzika, mgongoni ina kibandiko nusu, nusu kimebanduliwa. Nyuma yake, tundu pana la meno tisa. Nikapitisha uzi. Ukaingia mpaka mwisho, ukatoa mlio, "tk", kama mlango wa nyumba yenye heshima.

Shemeji Pasi akasema, "Utabebaje kitu hicho mbele za watu?"

Nikamwambia, "Shemeji, sitaibeba mbele za watu. Inakwenda kufanya kazi, haiendi kutoa posa."

Mama alicheka hadi akalazimika kuketi, na mtu akishacheka dukani ameshaamua. Fundi wa kule kushoto, tunamwita Bisibisi, akaiwasha mbele yetu, ikaamka upesi kuliko mimi ninavyoamka. Akatupa na karatasi ya dhamana, ikiharibika tuirudishe. Bei ilibakiza kiasi cha kununua nyuzi za rangi zote za nembo, pamoja na ile ya dhahabu ambayo Mama huwa anaiangalia tu na kuipita.

Nyumbani nikaunganisha waya. Mashine iliyokuwa bubu ikaguna, ikasogeza mkono wake kushoto na kulia kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi mrefu. Dada alipiga kigelegele, majirani wakadhani siku ya kulipa mahari imetajwa. Shemeji akakohoa.

Nikachora nembo mwenyewe. Kitabu kilichofunguliwa, nyuma yake jua linachomoza, chini yake maneno ya shule: ELIMU NI NURU. Kwenye lile jua nilihangaika sana, miale ilikuwa inatoka kama miguu ya buibui. Maneno nikayaandika kwa kidole kimoja, nikiangalia vitufe, nikabonyeza kila herufi nilipoiona. Mashine ikaanza kushona, na sote tukalitazama jua likitoka kwa uzi wa dhahabu, hakuna aliyeshughulika na kilicho chini yake. Sweta likakunjwa likiwa bado na joto la pasi, mimi na Mama tukaondoka nalo kwenda shule.

Mwalimu mkuu ndiye yule aliyenifundisha darasa la nne, Bibi, kabla sijaona kwamba mimi na madawati hatupatani. Akalifunua sweta juu ya meza. Akalipapasa. Akageuza ndani kuangalia mishono, akaitikia kwa kichwa. Mama akashusha pumzi. Kisha mwalimu akavaa miwani, akasoma polepole, na akaniangalia mimi, hakumwangalia Mama.

"Elimu ni nusu," akasema. "Nusu nyingine iko wapi?"

Nikainama. Kweli kabisa, kwa uzi wa dhahabu, safi, imenyooka: ELIMU NI NUSU.

Bibi, Mama alinishika mkono wa shati kwa nguvu, nikahisi kucha zake. Niliiona cherehani yako ikitoka mlangoni kwetu juu ya mkokoteni. Nikasema, "Mwalimu, nusu nyingine nitakuletea kabla ya kengele ya jioni."

Akasema, "Ya leo?"

Nikasema, "Ya leo."

Nilikimbia, Mama nyuma yangu anatembea mwendo wa kukimbia. Nimefika, nabonyeza R, kiooni inatokea S. Nabonyeza S, inatokea R. Kumbe Bisibisi alipoifufua alivichomoa vitufe vyote, akaviosha kwenye bakuli la maji ya sabuni, na wakati wa kuvirudisha akavikalisha viwili kila kimoja kwenye kiti cha mwenzake. Kwa mtu anayeandika bila kutazama isingekuwa neno. Lakini mimi natazama. Nikaving'oa kwa ncha ya kijiko, nikavirudisha kwao. Mama akanipa sweta jingine. Nikarekebisha herufi moja, nikabonyeza, mashine ikashona, na mara hii tulisoma wote kwa sauti, Mama, Dada na Shemeji Pasi, herufi kwa herufi, kama watoto wa chekechea.

Watoto walikuwa bado uwanjani tulipoingia tena ofisini. Mwalimu mkuu akasoma. Akavua miwani, akaanza kucheka, kicheko alichokuwa amekizuia tangu mchana, hadi karani akachungulia mlangoni. Kisha akamwambia Mama maneno ambayo nimeyakariri kuliko chochote nilichokariri katika shule ile. Akasema, "Mama, kukosea kila mtu anakosea. Yule mwingine akikosea, nasubiri mpaka mtoto anakua sweta linambana. Ninyi mmekosea mchana, jioni mmesahihisha. Kazi ni yenu. Shule nzima."

Umesikia, Kasuku? Soma tena hapo. Shule nzima.

Kwa hiyo naomba ulimwengu ujue, na ukianzia na baraza lenu hapo ingefaa, kwamba kosa la mjukuu wako ndilo lililoleta kazi. Watu wengine wanapata kazi kwa kutokosea. Mimi nimekwenda mbele zaidi. Shemeji Pasi sasa anaiita ile kompyuta "mzee", na jana nilimkuta anaifuta vumbi kwa kitambaa chake cha mfukoni, kile kilichonyooshwa. Bisibisi naye nimempa habari ya vitufe vyake. Amekataa katakata, kisha akaniomba nisimwambie mtu.

Sasa swali lako. Cherehani yako ipo. Iko palepale dirishani, Mama ameitia mafuta na kuishonea kifuniko kipya. Kola na mikono ya masweta anashona kwa hiyo, nembo zinashonwa na mashine, na mbili hizo zikilia pamoja utadhani mama na binti wanasengenya watu. Haitauzwa. Mama amesema nikuandikie hivyo kwa kalamu nzito, nami nimekoleza.

Katika bahasha hii kubwa utakuta sweta. Ndilo lile la kwanza. Mama alitaka kulifumua, nikamwambia haligusi mtu. Ni la mwanafunzi wa darasa la saba, lakini wewe nawe siku hizi umesinyaa, litakukaa. Asubuhi za huko kwenu najua zina baridi, livae. Watu wakikusoma kifuani wakacheka, na wakikuuliza kama mwalimu mkuu nusu nyingine iko wapi, jibu ninalo sasa, siku ile sikuwa nalo. Waambie unayo wewe. Ulikuwa unakwenda nayo dukani, mdomoni, pamoja na uzi.

Nisalimie Mjomba na mkewe, mwambie Mjomba ile kofia yangu aliyoondoka nayo sijaisamehe. Msalimie Mama Mkubwa na mapacha wake. Kasuku msalimie kidogo tu, asije akavimba kichwa. Dada anakubusu mikono, Shemeji Pasi anakuinamia, kwa uangalifu asikunje shati.

Mungu akulinde, goti lipoe, na kila sindano utakayoishika ikubali uzi wake.

Ni mimi mjukuu wako na mume wako mdogo, nikupendaye nusu kwa nusu, yaani nzima,

Fundi Nembo
(jina nililojipa mwenyewe, lakini wameanza kulizoea)